Rimoti Iko Mkononi mwa Nani?

Kurasa hizi huwa zinahakiki vitabu, filamu na mashairi. Leo mimi nahakiki kioo. Usicheke kwanza. Ngoma ina ngozi yake, na gemu ya kompyuta ina skrini yake. Ngozi ikiwa mbaya, ngoma hailii vizuri hata mpigaji awe fundi. Hapa Kakuma, ambapo chumba kimoja cha vijana kinatumiwa kwa zamu na watoto wa Bukavu, Bujumbura, Juba na Mogadishu, skrini moja inaamua mambo mengi kuliko watu wanavyofikiri. Inaamua nani anacheza, nani anatazama, na nani anabaki nje ya mlango.

Swali lenyewe ni hili: ukiwa na kompyuta ya kuchezea gemu, na pesa za skrini moja tu, ununue monita kubwa ya gemu ama televisheni? Kwetu si swali la kupigia soga. Kituo kimeletewa fomu, kwenye fomu kuna mstari mmoja wa skrini, na mimi mfanyakazi wa insentivu ndiye nimeambiwa niujaze. Nikiujaza vibaya, vijana wataishi na jibu langu kwa miaka.

Nimesoma miongozo mingi ya wanunuzi. Mingi ni mizuri kwa mambo ya kiufundi, lakini yote imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja ninayemfahamu sasa kama jirani. Ana chumba chake, meza yake na kiti chenye magurudumu. Umeme wake haukatiki. Hakuna mtu nyuma ya bega lake anayesema, "Kaka, zamu yangu imefika." Mtu huyo akiulizwa monita ama TV, anapima rangi, kasi na bei, basi. Hahesabu watu, maana yuko peke yake.

Sisi tuanze na kuhesabu watu, halafu tupime umbali. Monita ya kawaida ya inchi 24 imetengenezwa kwa mtu aliyekaa kama sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Hapo macho yanaona kila kona bila kugeuza shingo. Ndiyo maana wanaoshindana kwenye gemu za kulenga shabaha kama Counter-Strike, hata wale wa mashindano makubwa kabisa, wanatumia skrini za inchi 24 au 25. Wangeweza kupewa kubwa zaidi, lakini hawaitaki, kwa sababu adui akitokea pembeni lazima umwone bila kumtafuta.

Sasa rudi nyuma ya chumba. Kanuni ni rahisi: umbali ukizidi mara mbili, skrini inaonekana nusu. Mtoto aliyesimama mita 3 kutoka kwenye monita ya inchi 24 anaona picha sawa na simu ya inchi 6 iliyoshikwa mbali naye sentimita 75. Yaani, jamani, anatazama simu iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Mpira haonekani, saa ya mechi haisomeki. Kwa hiyo anasogea mbele, wenzake pia wanasogea, na baada ya dakika tano kuna ukuta wa migongo. Wasichana wa kituo chetu walishaniambia wazi kwamba hawaogopi gemu. Wanachochoka nacho ni kupenya kwenye ule ukuta.

TV ya inchi 55 hesabu yake ni nyingine. Mtu aliyekaa karibu mita 1.4 anaiona kwa ukubwa uleule ambao mtu wa mezani anaiona inchi 24. Walio mita 3 nyuma bado wanaona mchezo. Ukuta wa migongo unavunjika wenyewe, maana hakuna faida ya kusogea. Na gemu ya mpira, ambayo ndiyo inachezwa hapa kuliko zote, inachezwa na watu wawili kwenye kioo kimoja, pedi mbili, mabega yanagusana. Gemu ya namna hiyo ni karata, ni bao. Inataka watazamaji, wachochezi na mtu wa kusema, "Huyo ungempa pasi!"

Lakini TV ina kasoro zake, na mtu anayeisifu bila kuzitaja anauza TV.

Kasoro ya kwanza ni kuchelewa. TV inapopokea picha, inaipiga pasi kwanza: inasafisha, inalainisha mwendo, inaongeza rangi. Kwa filamu hakuna neno. Kwa gemu ni balaa, kwa sababu unabonyeza kitufe na mchezaji anapiga baadaye. Kuchelewa kwa TV nyingi bila hali ya gemu kunaweza kupita milisekunde 100. Skrini ya hezi 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7, kwa hiyo hapo umeachwa nyuma kwa picha sita hivi. Kipa amesharuka upande mwingine. Ukiwasha hali ya gemu kwenye menyu ya TV, kazi hizo nyingi zinazimwa, na TV za siku hizi zinashuka hadi milisekunde 10 au 20. Monita bado inaishinda, lakini kwa mpira wa watu wawili wanaotumia kioo kimoja, wote wanacheleweshwa sawasawa na hakuna anayeonewa. Kabla ya kulipa, omba muuzaji afungue menyu akuonyeshe hiyo hali ya gemu. Akisema TV zote zinayo, mwambie sawa, basi nionyeshe hii.

Kasoro ya pili ni kingo. TV nyingi zikipokea picha ya kompyuta zinakata pembe zake kidogo, tabia ya zamani ya matangazo. Matokeo na dakika za mechi ziko hukohuko pembeni, kwa hiyo watu wanabishana ni dakika ya ngapi. Dawa iko kwenye menyu ya ukubwa wa picha: chagua ile inayoonyesha picha yote bila kukata.

Kasoro ya tatu ndiyo inanihangaisha zaidi: maandishi. Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina kama pikseli 92 kwa kila inchi. TV ya inchi 55 yenye pikseli hizohizo ina 40 tu. Herufi zinakuwa kama zimeandikwa kwa mkaa. Tena TV nyingi zinabana taarifa za rangi, basi herufi nyekundu kwenye bluu zinavuja kama wino kwenye karatasi yenye maji. Aina nyingine zinapona ukiliandika jina la tundu la HDMI kuwa "PC". Nyingine hazina dawa.

Kwa nini hilo linanihangaisha? Kwa sababu kompyuta inayocheza mpira saa kumi jioni ndiyo inayoandika barua za kazi saa nne asubuhi. Na kuna wanaotaka kutengeneza gemu, si kuzicheza tu. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie laptopu, naye alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo kubwa za gemu, The Game Awards, huko Marekani. Kijana kama huyo anahitaji kioo kinachosomeka akiwa karibu. Mpe TV ya mkaa na utamchosha macho kabla hajamaliza somo la kwanza.

Je, monita kubwa ya gemu si ndiyo inaunganisha yote mawili? Ukubwa wa TV, ukali wa monita? Kwa karatasi, ndiyo. Mwaka 2018 kampuni ya Nvidia ilitangaza aina mpya ya monita za gemu za inchi 65, pikseli za 4K, hezi 120. Moja kati ya hizo, ya HP, iliingia sokoni mwaka 2019 kwa karibu dola 5,000. Mwaka uliofuata LG ikauza TV ya inchi 48 yenye 4K na hezi 120 kwa karibu dola 1,500. Ilikuwa ndogo zaidi, ndiyo, lakini wachezaji wengi waliiweka mezani kama monita na hawakulalamika. Mwaka 2022 Samsung ikaleta monita ya inchi 55 iliyopinda, hezi 165, kwa dola 3,500. Ni kifaa cha kupendeza. Ila ukiiangalia hesabu unaona kwamba kwenye ukubwa huo TV imemeza monita. Kinachobaki ni jina la "gemu" kwenye boksi, na jina hilo linalipiwa.

Hapa niseme jambo kwa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Shirika moja lilituletea monita za gemu za inchi 27, hezi 165. Tulizipokea kwa makofi. Kisha tukazichomeka kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, zisizo na kadi ya michoro. Kompyuta hizo zikijitahidi sana zinatoa picha 60 kwa sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Hezi 165 ni mdomo mpana. Kama chungu hakina ugali, mdomo unabaki wazi. Tena hazikuwa na spika, na bajeti ya spika haikuwepo. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri: aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyenunua. Ila hakuna aliyekuja kusimama mita 3 nyuma ya chumba.

Kuna la mwisho ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote. TV ina antena na ina rimoti. Monita haina. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu hilo ni jambo dogo. Kwetu ndilo jambo lenyewe. Siku TV ikifika kituoni, Jumamosi saa ya ligi ya Uingereza watu wazima watafika pia. Wataingia kwa salamu nzuri, "Watoto wangu, tuangalie kidogo tu," na kwa heshima zetu nani atamkatalia mzee? Saa ya gemu itakuwa saa ya mpira wa kweli. Jioni itakuwa taarifa ya habari. Wiki tatu baadaye chumba cha vijana kimekuwa ukumbi wa video, na kumbi za video tunazo tayari. Udhaifu wa monita, ule wa kutokamata chaneli, umekuwa ukituchungia mlango kimyakimya.

Sasa uamuzi wangu. Kwa mchezaji mmoja mwenye meza, hasa wa gemu za kulenga, monita ya inchi 24 hadi 27 na usitazame nyuma. Kwa kituo chenye chumba kimoja, watu wengi na skrini moja, nimeandika: televisheni, inchi 43, 4K, yenye hali ya gemu iliyoonekana kwa macho. Si 55. Inchi 43 ya 4K ina kama pikseli 102 kwa inchi, ukali kuliko monita zetu za zamani, kwa hiyo asubuhi herufi zinasomeka mtu akiwa karibu. Jioni wachezaji wanakaa mita moja na kidogo, na wa nyuma bado wanaona. Kompyuta zetu kuukuu, zile za HDMI 1.4, hazipitishi 4K zaidi ya hezi 30, kwa hiyo wakati wa gemu tunaziweka kwenye 1920 kwa 1080, hezi 60. Picha haiharibiki sana, kwa sababu kila pikseli moja inajaza nafasi ya nne kamili. Umeme wake unaweza kufika wati 80 au 100, mara kadhaa ya monita ndogo. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuahidi chochote kwa betri ya sola.

Na chini ya mstari wa skrini, mahali ambapo fomu haikuuliza, nimeongeza sentensi tatu. Kebo ya antena isinunuliwe. Rimoti ishikwe na kamati ya vijana, mvulana mmoja na msichana mmoja, kwa zamu ya wiki. Saa mbili za wasichana ziandikwe ukutani kabla TV haijafunguliwa kwenye boksi, kwa sababu baada ya kufunguliwa itakuwa ngumu.

Afisa aliyepokea fomu aliniuliza kama hizo sentensi tatu ni sehemu ya maelezo ya kifaa. Nikamwambia ndiyo, mheshimiwa, na ndizo za kusoma kwanza.