Wako Wapi Wenza wa Kazi? Mbolezi ya Kiwanda Katika Fasihi ya Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili imeizoea tanzia ya mtu mmoja: shehe, kiongozi, mzazi au mpenzi. Makala haya yanauliza swali tofauti: je, tuna umbo gani la kuwaombolezea watu ambao pengine wangali hai, ila kazi iliyowaunganisha imekufa?

Swali hili si la nadharia tupu. Nchini Tanzania, viwanda vya zana za kilimo vya Ubungo na Mbeya vilianzishwa enzi za Ujamaa ili mkulima apate jembe lililotengenezwa nchini. Ulegezaji wa masharti ya biashara ulipokuja, viwanda vya aina hiyo vililemewa. Kenya nayo ilifungua masoko yake katika miaka ya 1990, na viwanda vingi vikaumia. Mjomba wangu alikuwa mfua zana katika kimojawapo jijini Nairobi. Kilipofungwa, alirudi kwetu Mtito Andei.

Jioni aliwataja wenzake. Hakufuata umri wala kabila, bali mpango wa kazi: alianza na watu wa tanuri, akaja kwa wakata bamba, kisha wapiga tupa, kisha watia mipini, akaishia bohari. Kila mmoja alipewa sifa moja ya mkono: huyu alishika nyundo kwa kushoto, yule aliupima ukali wa panga kwa kucha. Akimsahau mmoja, alirudi tanurini na kuanza upya. Hayo hayakuwa maongezi ya uzee tu. Yalikuwa na muundo, na muundo ndio unaomhusu mhakiki.

Muundo huo una jamaa wa kale. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaupitisha moyo wake katika majumba ya Pate yaliyohamwa, na kuwaulizia wenyewe waliokuwamo. Huko pia mahali ndipo panapoongoza kumbukumbu: ukumbi unamwita mtu wake, kama tanuri lilivyomwita mfua chuma. Lakini hapo ndipo ulinganisho unapokoma. Utenzi ule unayatumia magofu kuuonya moyo kwamba dunia ni ya kupita. Mjomba hakukubali fundisho hilo. Kwake, kiwanda hakikufa kwa ajali ya dunia. Kulikuwa na uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Kwa sehemu hii ya pili ya swali, riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli (1979), inatufaa zaidi. Kupitia Rashidi na mgomo wa 1948 Unguja, dhiki ya makuli inapewa sababu, na sababu inapewa majina ya kijamii: mshahara, mwajiri, ukoloni. Hata hivyo, riwaya hiyo inamwona mfanyakazi katika kusanyiko na mapambano. Mgomo unahitaji bandari inayofanya kazi. Lango likishafungwa, hakuna wa kumgomea, na watu wanatawanyika mmoja mmoja.

Tunadai basi kwamba mbolezi ya kiwanda inahitaji mambo mawili kwa pamoja: orodha ya Al-Inkishafi, isiyomwacha mtu, na udadisi wa Kuli, usioridhika na majaliwa. Bila la kwanza, tutabaki na "wafanyakazi" wasio na mikono wala nyuso. Bila la pili, tutabaki na majonzi yasiyomuuliza mtu swali.

Mjomba alipozikwa, hakuja hata mmoja wa wale aliowataja. Hatukujua pa kuwapelekea habari. Tulikuwa na majina na kazi zao, lakini hatukuwa na makao yao. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikifundisha mbolezi darasani, sikuwa nimeiandika yake. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafuta mada mbali wangeanza na wazee wa nyumbani kwao, na waandike majina kwa mpangilio uleule wanaotajiwa.