Namna Oksijeni Inavyong'olewa Ndani ya Titaniamu

Ukuta wa Mkomani, Mombasa, uliopakwa rangi nyeupe ya dukani, weupe wake kwa kawaida ni titaniamu iliyoshikana na oksijeni. Kuviachanisha viwili hivyo ndiko kulikowahangaisha wanakemia. Titaniamu ikipata moto huinywa oksijeni hadi ndani, nayo ikizidi huifanya metali ivunjike kama kigae. Hata uipashe moto kwenye ombwe, oksijeni hiyo haitoki.

William Kroll, aliyepewa hataza ya Marekani mwaka 1940, aliizunguka shida hiyo: madini hugeuzwa kwanza kuwa kloridi, kisha magnesiamu huinyang'anya titaniamu klorini yake. Viwanda vinaitegemea njia hiyo mpaka leo, ingawa ni ya polepole na ya gharama.

Kule Cambridge, Derek Fray, Tom Farthing na George Chen walianza na nia ndogo: kusafisha titaniamu ambayo ngozi yake imeingiwa na oksijeni. Waliizamisha katika kloridi ya kalsiamu iliyoyeyuka, wakaiunga upande hasi wa umeme. Werevu wote uko hapa. Metali haiyeyuki wala haihami. Kinachohama ni oksijeni. Hupokea elektroni, huwa ayoni, huingia kwenye chumvi na kusafiri hadi anodi ya grafaiti, ambako huungana na kaboni na kutoka ikiwa gesi. Joto ni kama nyuzi 900 za Selsiasi, na titaniamu huyeyuka kwenye 1,668. Umeme ni kama volti 3, ili chumvi yenyewe isivunjike. Walipoweka oksidi tupu, nayo ikawa metali. Jarida la Nature liliyachapisha matokeo hayo mwaka 2000.

Mwisho wa kazi ndio mgumu. Masalio ya oksijeni hutoka kwa kusuasua, na umeme mwingi hupotea bure. Isitoshe, uchafu wa metali nyingine hautoki: ukiweka ilimenaiti, madini ya titaniamu yenye chuma, chuma chake kitabaki na utapata aloi. Kwa hiyo usafi wa madini huamua usafi wa metali, na hapo rutaili, madini ambayo karibu yote ni oksidi ya titaniamu, ina heshima yake.

Rutaili hapa Kenya tulikuwa nayo. Kuanzia Februari 2014 kampuni ya Base Titanium ilisafirisha madini ya Kwale kupitia Likoni, yakiwa bado mchanga. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Walimu na wanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, tafuteni gramu chache za rutaili hiyo, tanuri dogo na kloridi ya kalsiamu iliyokaushwa vizuri, mjaribu wenyewe.