Kitabu cha Kliniki na *147#

Kibokoni au Ndia Kuu, mitaa ya Mombasa, mama hampeleki mtoto kliniki bila kitabu cha afya ya mama na mtoto. Akikisahau, muuguzi ataandika wapi?

Ndani mna vipimo vya ujauzito na chanjo, kuanzia BCG ya siku za mwanzo hadi surua na rubela ya miezi 9 na 18. Lakini ukurasa unaofanya kazi kubwa ni ule wa uzani. Mtoto akishapimwa, muuguzi huweka nukta, akaiunga na ya mwezi uliopita. Mstari ukilala badala ya kupanda, mama huuona mwenyewe, awe amesoma au hakusoma. Japani ilianza kugawa vijitabu vya aina hii mwaka 1948, na nchi nyingi zikaiga.

Tena kitabu hakiishii kliniki. Cheti cha kuzaliwa kikitafutwa kwa kuchelewa, kadi ya kliniki ni miongoni mwa ushahidi unaoulizwa. Pwani, ambako kupata kitambulisho kumewasumbua wengi, sababu hiyo yatosha kukifungia sandukuni pamoja na hati ya nyumba.

Serikali ya Kenya sasa inataka rekodi iwe simuni. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilipitishwa 2023, na Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF. Mwananchi hujisajili kupitia jukwaa la Afya Yangu mtandaoni, au kwa kupiga *147#. Hiyo *147# ilikuwa busara: menyu yake hufunguka hata kwenye kabambe, simu ya kawaida ya vitufe, bila bando.

Kazi iko mbele. Asiye na mwajiri huulizwa nyumba yake imejengwa kwa vifaa gani, ili mchango wake ukadiriwe. Hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mpigo. Yote hayo kabla hajaona hata tarehe moja ya chanjo. Hospitalini nako, mgonjwa alithibitishwa kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Basi laini ikiwa mfukoni mwa baba aliye zamu bandarini Kilindini, mama aliyefika Makadara, kama wenyeji waiitavyo Hospitali Kuu ya Pwani, alimngoja baba apokee simu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ikaanza kuhamia alama za vidole.

Matajiri wa teknolojia wenyewe wamekwama kwenye rekodi za afya za mtandaoni. Google Health ilizinduliwa 2008, ikafungwa 2012 kwa kukosa watumiaji wa kutosha. HealthVault ya Microsoft ilidumu 2007 hadi 2019. Zote zilimtegemea sana mtu akusanye rekodi zake mwenyewe, ilhali kitabu cha kliniki hujazwa na muuguzi, papo hapo, mbele ya mwenyewe.

Afya Yangu imeingia kwa mlango wa bima, na ndiyo maana wengi huikumbuka siku ya kuugua tu. Mtihani wake mgumu ni wa mama mwenye kabambe na laini isiyo ya jina lake: je, akipiga *147# ataambiwa chanjo ya mwanawe ni lini, kabla ya kuulizwa habari za paa?