Maji ya Kifuu

Baridi inapoanza kuuma kaskazini mwa Marekani, barabara za kuelekea jangwa la Arizona hujaa pikapu zinazovuta matrela ya kuishi. Wengi wa wenye matrela hayo ni wastaafu, na wengi huishia Quartzsite, mji mdogo ulio jirani na Mto Colorado. Ardhi inayouzunguka mji huo ni ya umma. Katika sehemu kubwa yake mtu anaruhusiwa kupiga kambi siku 14 bila malipo. Katika maeneo maalumu kama La Posa, chini ya mpango ulioanza mwaka 1983, hulipa ada na kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 akipenda. Mgeni anajichagulia kiwanja juu ya changarawe, anafungua trela kutoka kwenye pikapu, analisawazisha na kutandaza paneli za sola. Umeme atauvuna kila jua likichomoza. Maji havuni. Mvua ya huko ni ya kubahatisha, na yaliyomo tangini ndiyo yaliyopo.

Hapo ndipo unapoanzia ufundi ninaotaka kuusifu. Walio wengi huuita kubana matumizi, na mtu akisikia kubana hufikiria adhabu. Mimi nimeuona kwa macho, nimeushika kwa mikono, na ninashuhudia kwamba ni ufundi kamili: una vipimo na zana zake, una mafundi waliobobea na wanagenzi wanaojifunza kwa kutazama.

Tuanze na vipimo. Trela la wastani hubeba lita 150 hivi za maji safi. Kubeba zaidi si jambo jepesi, kwa kuwa lita moja ni kilo moja, na kilo 150 tayari ni mzigo wa watu wazima wawili juu ya ekseli. Sasa angalia: shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira linakadiria kwamba Mmarekani mmoja akiwa nyumbani kwake hutumia zaidi ya lita 300 kwa siku. Kwa mwendo huo tangi zima lingemtosha mtu mmoja chini ya nusu siku. Lakini pale jangwani mume na mke huishi na tangi hilo hilo wiki nzima, wakipika, wakioga na kupokea wageni kwa chai, na walio hodari huvuka wiki. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Fundi wa trela ni mtu aliyekubali kuwa sisimizi kwa hiari yake, na akagundua kwamba kifuu kina nafasi kubwa kuliko alivyodhani.

Ardhi yenyewe ilianza kuwapima wasafiri zamani. Katika makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Hapo amelazwa Hadji Ali, aliyefariki mwaka 1902, mmoja wa watunza ngamia walioletwa kutoka nchi za Mediterania katika miaka ya 1850, jeshi la Marekani lilipotaka kujaribu ngamia badala ya nyumbu katika majangwa ya kusini-magharibi. Jaribio lile halikudumu, lakini swali lililozaa jaribio hilo lilibaki: utavukaje nchi kavu na maji uliyobeba mwenyewe? Karne moja baadaye swali likawafikia watengenezaji wa matrela. Mwaka 1957 kampuni ya Airstream, iliyoanzishwa na Wally Byam, ilianza kuuza trela lililobeba maji yake, umeme wake na choo chake, ili mwenyewe asilazimike kulala penye bomba na waya. Miaka miwili baadaye Byam akaongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town, ukapanda na bara letu la Afrika, ukapita Afrika Mashariki na Ethiopia hadi Cairo. Trela lililokubali njia ya namna hiyo lilimtaka mwenyewe ajue hesabu ya maji yake.

Hesabu ya kwanza ya fundi ni kuyapa maji vyeo. Maji ya kunywa yako juu, na hayapunguzwi hata tone. Hewa ya jangwa hukausha jasho kabla hujaliona, na mtu huweza kupungukiwa maji mwilini huku ngozi yake ikiwa kavu na akijiona mzima. Mafundi wengi huyaweka maji hayo peke yake, katika madumu, ili asitokee mtu wa kuyaogea kwa bahati mbaya. Baada ya kunywa ni kupika, kisha mwili, kisha vyombo, kisha sakafu, na chini kabisa ni choo. Siri ya ufundi ni kwamba maji hushuka ngazi hizo moja baada ya nyingine. Aliyekwisha kuyatumia kwa kazi ya juu huwa hajayamaliza. Ameyashusha cheo tu, na kazi ya chini inayasubiri.

Nilikuwa nikimtazama jirani yangu mmoja huko, bibi mstaafu, akiosha vyombo vya chakula cha jioni. Sahani hazikwenda kwenye sinki moja kwa moja. Kwanza alizipangusa kwa karatasi hadi zikabaki na wekundu hafifu wa nyanya. Sufuria aliipangusa kwa ganda la mkate, akalitia mdomoni. Kisha akachukua chupa ya kupulizia yenye maji ya vuguvugu na tone la sabuni, akapuliza mara mbili kila sahani na kusugua kwa sponji. Mpangilio wake haukubadilika: glasi kwanza, vijiko, sahani, na chombo chenye mafuta kuliko vyote mwisho. Wakati wa kusuuza alizishika glasi juu ya sahani na kumimina kutoka kwenye kopo, maji yakatoka kwenye glasi yakaanguka kwenye sahani, yakatoka kwenye sahani yakaanguka ndani ya sufuria, yakakaa humo yakilainisha ukoko. Alipomaliza kuisugua sufuria aliyamwaga maji yale katika ndoo iliyokuwa mlangoni mwa choo. Kopo moja la lita limesuuza glasi, limesuuza sahani, limeosha sufuria, na kesho asubuhi litasukuma choo. Hakukuwa na haraka wala wasiwasi katika mikono yake. Alikuwa na mwendo wa mtu anayejua kazi, na nilisimama kumtazama kama mtu anavyosimama nje ya karakana.

Bafuni kuna somo jingine. Sheria ya Marekani inaruhusu bomba la mvua kutoa hadi lita 9.5 kwa dakika, kwa hiyo mtu anayeoga dakika nane nyumbani kwake humwaga lita 76, yaani nusu ya tangi la trela. Mafundi wa jangwani huoga kwa namna ya mabaharia wa manowari: fungua, lowana, funga, jipake sabuni maji yakiwa yamefungwa, fungua tena, suuza, funga. Yale maji baridi yanayotangulia kabla hita haijaleta ya moto hukingwa kwa ndoo, na kwa kuwa ni safi, huingia birikani. Kwa mtindo huo mtu hutoka safi kwa lita chache tu.

Sisi tuliolelewa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kushangaa hapa. Tumeoga kwa ndoo na kopo tangu utotoni, na mwalimu wa chuoni alitufundisha kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba ni kama theluthi mbili za lita, na pishi ni vibaba vinne. Maana yake ni kwamba mwili mzima ulitwaharishwa kwa maji yasiyozidi lita tatu na ushei, tena kwa ibada inayotaka maji yafike kila mahali. Nani atasema usafi ule ulikuwa pungufu? Maji machache yanayopelekwa mahali pake na mkono unaojua huosha vizuri kuliko mengi yanayojipitia mgongoni.

Ufundi huu una sikio pia. Pampu ya trela huendeshwa na betri ya volti 12, na ina swichi inayohisi presha: bomba likifunguliwa, presha hushuka na pampu hunguruma, likifungwa, hunyamaza. Kwa hiyo pampu ni mlinzi. Ikikoroma sekunde mbili usiku wa manane, watu wote wamelala na mabomba yamefungwa, fundi huamka. Maji yanatoka mahali fulani, na mahali hapo panatafutwa kwa tochi na kiganja, kiungo kwa kiungo chini ya sinki, mpaka kidole kiguse unyevu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kama lita 31 kwa siku, na siku ya tano tangi la lita 150 limekwisha bila mtu kunywa glasi. Nyumbani, tone la namna hiyo huvumiliwa miaka.

Kuna nusu ya pili ya ufundi ambayo mgeni huisahau: kila lita inayoingia lazima itoke. Trela lina tangi la maji machafu ya sinki na bafu, na tangi jingine la choo, na mara nyingi lile la sinki na bafu ndilo linalojaa mapema na kumlazimisha mtu kung'oa kambi. Sheria za maeneo ya msimu mrefu haziruhusu trela kukaa popote linapotaka lisipokuwa na tangi la majitaka lisilopungua lita 38, kwa sababu jangwa halisahau uchafu upesi. Geji za matangi hayo haziaminiki sana. Uchafu na karatasi hunata kwenye vihisi, tangi lililomwagwa jana likasomeka limejaa leo. Fundi hutegemea hesabu yake mwenyewe: anajua alichotumia, basi anajua kilichomo. Anayeokoa lita moja ameokoa mara mbili, mara moja kwenye kujaza na mara moja kwenye kumwaga.

Ninausifu ufundi huu kwa sababu tangi hurudisha elimu ambayo bomba la nyumbani huiondoa. Mwenye bomba hana habari ametumia kiasi gani mpaka ankara ije. Mwenye tangi anaijua siku yake kwa lita, na elimu hiyo haikai trelani peke yake. Mwendo mfupi kutoka Quartzsite unapita Mto Colorado, unaotegemewa na watu wapatao milioni 40. Mwaka 1922 wajumbe wa majimbo saba walitia saini makubaliano ya kugawana maji yake, wakitumia vipimo vya miaka iliyokuwa na neema kuliko kawaida, na kwa karne nzima mgawo wa makaratasi ukawa mkubwa kuliko mto. Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Arizona ikapunguziwa karibu asilimia 18 ya mgawo wake, na Ziwa Mead, linalohifadhi maji ya mto huo, likashuka hadi kina ambacho halikuwahi kufika tangu lilipojazwa miaka ya 1930. Ziwa lile nalo ni tangi, na geji yake ilikuwa ikisomwa na wote. Kilichokosekana ni ile tabia ya kuishi kwa kipimo cha kilichopo, ambayo bibi wa jangwani anaifanya kila jioni mbele ya sinki lake.

Lazima niseme wazi kwamba hodari kuliko wote wa ufundi huu hawako Arizona. Mama wa Turkana au wa vijiji vikavu vya Dodoma, anayebeba ndoo kichwani kutoka kisimani, hushusha maji vyeo kwa ustadi ambao mstaafu wa Marekani anaanza tu kuugusa: yaliyooshea mboga huoshea vyombo, yaliyooshea vyombo humwagiwa mche wa mpapai. Tofauti ni kwamba mstaafu alichagua, na maji yakimwishia huwasha pikapu akaenda kujaza. Mama hakuchagua, na anayelipa kwa ukosefu ule mara nyingi ni binti yake anayechelewa shule. Uhaba wenyewe haustahili sifa hata kidogo. Kinachostahili sifa ni ujuzi ambao watu wameujenga juu ya uhaba, na kosa letu kubwa lingekuwa kuudharau ujuzi huo siku bomba linapofika kijijini, tukidhani kwamba maendeleo ni kuacha koki wazi.

Ninaitaka siku hiyo ifike kwa kila mama, tena upesi. Na ikifika, ninataka yeye awe mwalimu wetu. Mwenye bomba leo anaweza kuanza somo bila trela wala jangwa: ajaze madumu yake asubuhi, afunge koki kuu, aishi na alichojaza hadi usiku, kisha ahesabu. Atakuwa amekula, amekunywa na ameoga, na atajua kwa mikono yake mwenyewe ni kiasi gani cha maji ya kila siku kilikuwa haja, na ni kiasi gani kilikuwa mazoea.