Sauti ya Raistlin na Mbwa wa Mkamata Panya

Kabla riwaya za Dragonlance hazijachapishwa, waliozitunga walikaa na marafiki kuujaribu mezani mchezo wa kuigiza wahusika ulioandamana nazo. Mmoja wao, Terry Phillips, alipewa karatasi ya Raistlin, msomi wa uchawi. Karatasi ya namna hiyo hubeba tarakimu na orodha ya mambo ambayo mhusika anaweza kuyatenda; sauti haibebi. Phillips alipofungua kinywa kumsemea mhusika wake, alitoa mnong'ono wa kukwaruza, sauti ya mtu ambaye kila neno linamgharimu pumzi. Watunzi hao, Tracy Hickman na Margaret Weis, wakaishika sauti ile wasiiachie. Riwaya ya kwanza ilipotoka mwaka 1984, Raistlin alikuwa mtu wa kukohoa, mwili umevunjwa na mtihani wa uchawi, anamtegemea pacha wake Caramon, pande la mtu, na huku anachukia kumtegemea.

Tuupime mnong'ono huo kama seremala apimavyo kiungo cha mlango. Wenzake mezani hawakuhitaji kuambiwa kwamba Raistlin ni mgonjwa, maana walisikia. Anayenong'ona huwalazimisha wengine kusogeza vichwa, na akishasogeza kichwa mtu amekwisha kuingia mchezoni. Papo hapo linazuka swali ambalo yeyote angeuliza: huyu kapatwa na nini? Na juu ya yote, mnong'ono unaweza kurudiwa kila zamu, usiku kucha, bila kungoja msimamizi wa mchezo alete tukio maalumu la kuutumia. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko mengine. Nimeona mawazo mengi matamu kuyasoma yakifa kwenye kikao cha pili kwa kulikosa. Naamini mhusika wa mezani ni tendo linalojirudia kwanza, wasifu baadaye, na wengi wetu huanza kinyume.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hizi: wachezaji wanne au watano humwigiza kila mmoja mtu wake katika dunia ya kubuni, na msimamizi huwasimulia wanachokikuta. Jambo likiwa na shaka, dadu huamua. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Dadu tatu za pande sita zilirushwa, mara sita, kupata nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na mvuto wa mhusika wake. Kupata 18 ni bahati ya mara moja katika 216. Zinazotokea mara nyingi zaidi ni 10 na 11, yaani binadamu wa kawaida. Fani zilikuwa tatu tu, mpiganaji, mtumia uchawi na kasisi, na wasifu haukudaiwa. Dadu zilirushwa, ukaandika, ukaingia pangoni.

Kasisi huyo ana asili ninayoipenda sana. Katika kikundi cha Arneson kule Minnesota, kwenye dunia waliyoiita Blackmoor, mchezaji mmoja alimwendesha mnyonya damu aliyejulikana kama Sir Fang. Mnyonya damu akazidi kupata nguvu hadi wenzake wakakosa pa kumshikia. Ikabidi apatikane mwindaji wake. Mfano ulikuwa karibu: Van Helsing, kama Peter Cushing alivyomwigiza katika filamu za kampuni ya Hammer ya Uingereza. Hivyo akazaliwa mtu wa dini ambaye maiti zinazotembea humkimbia, na uwezo huo wa kuzifukuza umo katika kanuni za mchezo hadi leo. Kasisi hakubuniwa kwa sababu mtu aliota ndoto nzuri ya kasisi. Meza ilikuwa na shida, naye akaja kuwa jibu lake. Wachezaji wengi siku hizi hubuni mhusika peke yao chumbani, kisha humleta mezani kama mgeni aliyekuja na chakula chake: amekaa nanyi, lakini hali nanyi.

Njia nyingine ya kubuni mhusika ni kugeuza kinachotarajiwa. R. A. Salvatore alipokuwa akiandika The Crystal Shard, iliyotoka mwaka 1988, shujaa wake alikuwa Wulfgar, kijana wa makabila ya baridi. Mhariri wake, Mary Kirchoff, alimpigia simu akiwa njiani kuingia mkutanoni: alitaka msaidizi mpya wa shujaa, na alimtaka saa hiyo hiyo. Salvatore akajibu bila kufikiri kwamba atakuwa drow, mmoja wa elfi wa chini ya ardhi, akampa na jina, Drizzt Do'Urden. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 drow walikuwa maadui: watu wakatili wanaoabudu mungu wa kike wa buibui, waliowekwa mchezoni ili wapigwe. Salvatore alimchukua mmoja wao akampa dhamira, na yule msaidizi akamfunika Wulfgar kabisa.

Kilichofuata kina somo la kiufundi. Meza zikajaa drow wema wenye panga mbili, na kila mmoja akawa hafifu kuliko aliyemtangulia. Kugeuza hufanya kazi pale tu ambapo watu mezani bado wanaamini kile kinachogeuzwa. Drizzt alikuwa na uzito kwa sababu kila kijiji alichokikaribia kilikuwa na haki ya kumwogopa. Meza ikishazoea drow wema, mtu anayemleta mwingine hajageuza kitu, amefuata desturi. Kwa hiyo kabla ya kugeuza, jiulize wenzako wanaamini nini leo, kisha gusa hapo.

Wabunifu wa kanuni nao walihangaika na swali hilihili: mchezaji ahimizwe vipi kumpa mhusika wake kasoro? Champions ya mwaka 1981, na baadaye GURPS ya Steve Jackson mwaka 1986, zilitoa malipo: chagua udhaifu, pata pointi za kununulia uwezo. Naona tatizo lake kila ninapozicheza. Ni sawa na kumlipa fundi kabla ya kazi. Mchezaji huchukua hofu ya bahari akijua safari yote ni ya jangwani. Mchezo wa Fate ukaugeuza mpango: kasoro haikulipi siku unapoiandika, hukulipa siku inapokuumiza. Ghafla mchezaji mwenyewe anaomba kasoro yake iguswe, maana ndipo anapopata ishara ya kutumia baadaye. Tofauti ni ya wakati wa malipo tu, na imebadilisha tabia nzima ya mezani.

Greg Stafford alikwenda mbali zaidi katika Pendragon, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur, mwaka 1985. Kila shujaa ana jozi 13 za tabia, mfano huruma na ukatili, unyenyekevu na kiburi, na kila jozi lazima ijumlike 20. Ukiwa na huruma 14, ukatili wako ni 6. Hali ikibana, unarusha dadu ya pande 20 dhidi ya tabia yako, na mtu uliyemwandika kuwa mpole anaweza kukushinda akamkata adui aliyekwisha piga magoti. Wapo wanaosema hii humnyang'anya mchezaji uhuru. Mimi naona humpa kitu adimu, mhusika anayeweza kumshangaza mwenye kumwigiza.

Lakini nikiambiwa nichague wazo moja la mhusika katika historia yote ya michezo hii, nitamtaja mkamata panya. Warhammer Fantasy Roleplay ilichapishwa Uingereza mwaka 1986, na humo dadu ndizo zinazokupa kazi uliyokuwa ukiifanya kabla hujawa msafiri. Zikikuangukia vibaya unakuwa mkamata panya: una mitego, una ufito wenye panya waliokufa, na katika orodha ya mali zako kitabu kinakuandikia mbwa mdogo lakini mkali. Maneno hayo machache yamefanya kazi kuliko kurasa tano za wasifu. Mbwa atakula nini leo? Akibweka wakati mnajificha? Akiachwa nje ya jumba la tajiri, nani abaki naye? Hata asiyeupenda ukamataji wa panya atajikuta anamjali mbwa.

Kazi humpa mhusika macho pia. Waingize mpiganaji na mkamata panya katika ukumbi mmoja. Mpiganaji atatazama silaha za walinzi. Mkamata panya atatazama chini, penye ufa wa ukuta, na kujua kwamba nyuma ya ukuta huu kuna uwazi, tena kuna nafaka. Msimamizi hahitaji kumwandalia chochote. Dunia yote iliyokwisha kusimuliwa sasa ina upande mwingine wa kuonwa. Ndiyo maana ninapomsaidia mgeni kubuni mhusika simuulizi ana nguvu gani. Namuuliza alikuwa akiamka saa ngapi, na mikono yake ilishika nini.

Sisi wa Kiswahili tunaye Fumo Liyongo, na watu wakitaka kumfanya mfano wa mhusika hukimbilia sindano ya shaba kitovuni, kitu pekee kilichoweza kumuua. Kwenye utendi ni jambo kuu. Mezani ni udhaifu wa kutumika mara moja, siku ya mwisho, na kabla ya hapo haufanyi kazi. Tazama badala yake Liyongo kifungoni. Anaimba, na ndani ya wimbo kijakazi anatumwa kwa mama: apike mkate, ndani atie tupa. Walinzi wanasikia kila neno wasijue kitu. Kisha anaomba ngoma ichezwe, na chini ya kelele zake anakata minyororo. Shujaa mwenye nguvu za kutisha ambaye akibanwa huimba: huyo unaweza kumcheza vikao 50, na kila kizuizi kitataka wimbo mpya.

Nieleze basi nilivyomjenga mmoja, ili haya yote yaonekane yakifanya kazi pamoja. Katika toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014, pointi za uhai zikifika sifuri, kwa kawaida mhusika hafi papo hapo. Kila zamu yake hurusha dadu ya pande 20: 10 na kuendelea ni heri, chini yake ni mkosi. Heri tatu, anatulia. Mikosi mitatu, amekufa. Hakuna wakati meza inanyamaza kama huo, na hutokea karibu kila pambano kubwa. Nilitaka tendo la mhusika wangu liangukie hapo hapo. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017 kina kasisi wa kaburi, awezaye kumzuia anayekata roho asiende, akiwa hata hatua kadhaa mbali naye.

Kasisi wa mungu wa mauti watu humtarajia awe na joho jeusi na uso wa huzuni. Nikaigusa imani ile: mtumishi wa mauti hakaribishwi chumbani mwa mzazi. Nikamfanya mkunga. Macho yake yakaja yenyewe, maana huona rangi ya midomo kabla hajaona panga, na kila wanapofika nyumba ngeni huuliza maji ya moto yako wapi. Dadu zikampa hekima 16 na mvuto 7. Hiyo saba ningeweza kuilalamikia. Nikaisoma kama mkunga anavyosikika: haombi, anaamuru. Wenye uchungu humtii, wakubwa wa miji hukasirika. Meza yetu nayo ilikuwa na wapiganaji watatu wasioulizana hali, kwa hiyo pengo lake lilikuwepo likimngoja.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kijiji kilichoteketezwa na wazazi waliouawa. Nikaifuta yote. Msiba uliokwisha kamilika hauna cha kufanywa mezani, na mtu asiye na jamaa hana wa kumtumia salamu, wa kumkopa, wala wa kumwonea aibu. Nikampa dada aliye hai, ambaye hajaongea naye miaka sita.

Tendo lake ni hili. Mwenzake akianguka, hupiga magoti na kubishana na mungu wake kwa sauti, kwa ukali uleule anaoutumia kwa mzazi aliyechoka. "Huyu si wako leo." Anasema, ndipo anatumia uwezo wake. Wasifu wote ukatosha katika sentensi mbili: mtoto wa kwanza aliyempokea, wa dada yake, alitoka hapumui, naye akaapa kwamba akiachiwa huyo na wengine hadi watimie 100, atakwenda kwa mungu huyo mwenyewe bila kusukumwa. Dada hakumsamehe kwa kiapo hicho.

Kwenye kona ya juu ya karatasi yake, mahali ambapo kila mtu mezani anaweza kupaona, nimeandika kwa penseli: 97. Msimamizi ameiona. Kikao kilichopita tulifika kwenye nyumba ya wageni njiani, mvua inanyesha, na kitu cha kwanza alichotusimulia ni sauti ya mwanamke akiguna chumba cha nyuma. Wapiganaji wote watatu wakageuka kunitazama mimi.