Kigoda cha Mgeni: Namna ya Kuipima Riwaya ya Uhamiaji

Wafipa hawahitaji kufundishwa na mtu wa London kwamba mgeni anaweza kugeuka mwenyeji. Katika simulizi alizozikusanya mwanaanthropolojia Roy Willis miaka ya 1960, Ntatakwa, mkuu wa Milansi, anatoka nyumbani, na huku nyuma wanafika wanawake watatu kutoka mbali. Kurudi, anakuta mkubwa wao keshakalia kigoda. Havipiganwi vita. Wanaelewana: utawala wa nchi unakwenda kwa ukoo wa wageni hao, wa Twa, na Milansi inabaki na heshima yake ya kimila. Msomaji wa Sumbawanga aliyekulia kwenye habari kama hizo ana mizani yake tayari anaposhika riwaya ya kihistoria kuhusu watu waliohama, na kitu cha kwanza atakachokitafuta ni mwenyeji. Je, mwenyeji ni mtu, au ni ukuta tu wa kumgongesha mgeni kichwa?

Hapo ndipo Andrea Levy alipowazidi wengi. Riwaya yake Small Island (2004) inahusu Wajamaika waliofika Uingereza mwaka 1948, lakini masimulizi ameyagawa kwa sauti nne, mbili zikiwa za Waingereza: Queenie, mwenye kupangisha vyumba, na mumewe Bernard, aliyerudi kutoka vitani. Hortense, mwalimu aliyesomea kazi yake Jamaika, anakwenda ofisi ya elimu na barua zake za sifa. Anaambiwa hawezi kufundisha. Anajikaza, anageuka kwa madaha atoke, anafungua mlango, anaingia kabatini. Mwandishi wa daraja la chini angetumia ukurasa mzima kueleza ubaguzi wa rangi. Levy anautumia mlango.

Ndiyo maana mjuzi huvikagua vitu. Katika By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, mzee Saleh Omar anatua Gatwick akiwa na kasha la udi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anayemhoji, na anayeishia kulichukua lile kasha, mwenyewe ni mtoto wa watu waliotoka Rumania. Kasha likitolewa, hadithi inapwaya, kwa kuwa ndani yake mna biashara ya Bahari ya Hindi, deni na udanganyifu wa zamani. Kitu ambacho kingeweza kuondolewa bila hadithi kutikisika ni pambo tu, hata kiwe kimeelezwa vizuri namna gani.

Kwa Kiswahili, kipimo kizuri ni Vuta n'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950 imo humo, na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anaikimbia ndoa na kupokewa na rafiki yake Mwajuma. Jamaa zake wanamtupa, Mwajuma anamtandikia. Wanaharakati wa riwaya hii wakati mwingine wanahutubia mno, lakini nyumba ya Mwajuma inasema mambo ya rangi na utu ambayo hotuba zao haziyafikii.

Baada ya hapo ifunguliwe ramani. Mkimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 aliyehamishiwa makazi ya wakimbizi ya Mishamo yalipofunguliwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliishi Mkoa wa Rukwa. Mjukuu wake aliyezaliwa palepale mwaka 2013 ni mzaliwa wa Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa 2012, na hakuna aliyebeba hata mkeka. Mwaka 2014 wengine zaidi ya 160,000 wa kundi hilo la 1972 wakathibitishiwa uraia wa Tanzania. Mwandishi anayemweka mhusika wake “Mishamo, Katavi” mwaka 1985 amesoma ramani ya leo tu. Ni kosa dogo, lakini linamtia msomaji shaka juu ya yote yanayofuata.

Ramani ikinyooka, zisikilizwe sauti. Mtafiti Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hao katikati ya miaka ya 1980, akaona ajabu moja: wale wa kambini Mishamo walishikilia historia yao ya Uhutu kwa nguvu, ilhali wenzao waliojichanganya mjini Kigoma walikwepa kuitwa Wahutu na kuishi kama watu wa mji. Asili moja, mwaka mmoja, majibu mawili. Riwaya ambamo wakimbizi wote wanalia kilio kimoja haijawasikiliza.

Lugha ndiyo huwaumbua wengi. Samuel Selvon wa Trinidad alipoandika The Lonely Londoners (1956), hakuishia kuwapa wahusika midomo ya Karibiani. Msimulizi mwenyewe anasimulia kwa lugha hiyo. Wanaume wa Ufipa nao walikwenda mashamba ya mkonge na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wanastahili riwaya yenye ujasiri huo: Kifipa cha nyumbani, Kiswahili cha kuokoteza kambini, maneno ya mgodini yanayomponyoka mtu akiwa amerudi kulima matuta. Mswada unaowapa manamba, nyapara na karani Kiswahili kimoja cha redioni urudishwe kwa mwandishi, hata kama tarehe zake zote ni sahihi.