Fundi Anayeuliza Gari Limetoka Wapi

Fundi mzuri wa injini utamjua kwa swali lake la kwanza. Dereva anaingia gereji, anasema, "Fundi, nataka kumwaga oili," na wapo watakaochukua spana papo hapo na kuingia uvunguni. Ninayetaka kumsifu ni yule anayefuta mikono kwanza na kuuliza, "Limetoka wapi, kaka?" Kisha anaendelea: lilibeba nini, lilipita vumbi la namna gani, lilichemsha popote njiani, asubuhi huliacha lingurume kwa muda gani kabla ya kuondoka? Kilomita huzisoma mwishoni, akiwa tayari amekwisha kuielewa kazi iliyofanyika.

Wengi wetu tunaishi kwa namba. Kuna walioshika 3,000, kuna walioshika 5,000, na kuna wa siku hizi walionunua oili ya sinthetiki wakaambiwa watembee 10,000 bila wasiwasi. Sizidharau namba hizo. Kila moja ilikuwa na sababu zake. Waliozoea kumwaga mapema walikuwa wakitumia oili za daraja la chini na dizeli yenye salfa nyingi. Salfa ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu ndani ya injini, hugeuka asidi. Oili huwekewa kemikali za kuizima asidi hiyo, na kemikali hizo zikiisha, beringi zinaanza kuliwa. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na mzigo huo ukapungua sana. Sababu ikapungua, namba ikabaki vichwani.

Kitabu cha gari nacho kina namba zake, ingawa kwa magari yetu mengi yaliyotumika Japani kitabu hicho huja kwa Kijapani na kuishia kwenye droo ya dashibodi bila kufunguliwa. Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu watengenezaji wengi huandika ratiba mbili. Ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida. Ya pili, yenye kilomita chache zaidi, ni ya matumizi magumu: vumbi, mizigo mizito, milima, safari fupi ambazo injini haipati moto vizuri, foleni ndefu huku injini ikinguruma. Hayo ndiyo maisha ya gari la Mbagala, la Kimara na la Karatu. Ratiba ya pili ndiyo yetu, na msimamo wangu ni kwamba hata namba ya ratiba hiyo ichukuliwe kuwa ukomo. Ufundi ni kujua upunguze kiasi gani kutoka kwenye ukomo huo, na kwa nini.

Hakuna mahali ninapouona ufundi huu vizuri kama kwenye gereji za Arusha zinazohudumia magari ya utalii. Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, ambayo mafundi wa huko wanaijua hadi nati ya mwisho. Inaondoka mjini kwa lami hadi lango la Loduare, mlangoni mwa Ngorongoro. Kuanzia hapo ni vumbi: kupanda ukingo wa kreta, kushuka kuelekea tambarare, kupita Naabi, kuingia Serengeti, ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Mara nyingi hata huo haufikiwi. Gari linatambaa, linasimama, linageuza kumtafuta chui, linatambaa tena. Likirudi mjini, mita inaonyesha kilomita chache, lakini injini imefanya kazi tangu alfajiri hadi jioni, siku baada ya siku.

Ndiyo maana fundi wa huko anafikiri kwa saa hata pale dereva anapozungumza kwa kilomita. Matrekta na majenereta yamefuata saa tangu zamani, na mengi hufanyiwa sevisi kila saa 250. Kilomita 100 za barabara kuu ya Moshi zinaweza kuwa kazi ya saa mbili kwa injini. Kilomita 100 za kuzunguka mbugani ni kazi ya siku nzima. Anayehesabu zote mia sawa anaidanganya oili yake.

Halafu kuna vumbi lenyewe. Udongo wa tambarare za Serengeti umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na ni laini mno, unapenya popote. Ndani ya vumbi la namna hiyo mna chembe ngumu, nazo zikifika kwenye ukuta wa silinda zinausaga. Kwa hiyo fundi niliyemtazama akifanya kazi hii hakuanza na dipstiki. Alifungua kasha la filta ya hewa, akatoa filta, akaingiza kidole chenye kitambaa cheupe kwenye bomba linaloelekea injini, upande ambao hewa inapaswa kuwa imekwisha kuchujwa. Kitambaa kikirudi safi, mazungumzo yanaendelea. Kikirudi na vumbi, hakuna mjadala: oili inamwagwa siku hiyo, hata kama ina kilomita 800, na klampu ya bomba inatafutwa kabla gari halijatoka. Kwangu hicho ni kilele cha kazi hii. Amepata jibu la oili bila kuigusa oili.

Dipstiki inafuata, na hapa ndipo wenye magari tunapopotoka. Tunaona weusi, tunasema imeisha. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema sana, kwa sababu masizi ya kuungua kwa mafuta huingia ndani yake, na kemikali zake zimewekwa makusudi ili ziyashike masizi hayo yaelee, yasigandamane kwenye vyuma. Weusi ule ni ushahidi kwamba inafanya kazi. Fundi anatafuta mambo mengine. Rangi ya chai ya maziwa inamwambia kuna maji, pengine gasketi ya silinda hedi imepasuka, na hapo kumwaga oili peke yake ni kupoteza pesa. Kiwango kilichopanda bila mtu kuongeza kinamtia shaka kuliko kilichoshuka, maana kuna mafuta au maji yanayoingia. Ananusa kutafuta harufu ya mafuta mabichi.

Na kuna karatasi. Tone moja la oili ya moto linadondoshwa kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kisha linaachwa lisambae. Oili yenye nguvu huyatawanya masizi yake mbali, na doa linafifia taratibu kuelekea pembeni. Oili iliyochoka inaacha kiini cheusi katikati, kimejikusanya, ukingo wake mkali, kwa sababu haiwezi tena kuyabeba masizi. Mafuta yakiwa yamechanganyika nayo, pete nyepesi huonekana nje ya doa. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi mia, ila kinadai subira, na gereji nyingi hazina subira.

Kwenye pikipiki hukumu hutoka mguuni. Katika bodaboda nyingi oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na klachi, nayo ni kama lita moja tu, ndani ya injini inayopozwa kwa upepo. Oili ikianza kukonda, gia inakuwa ngumu kuingia na nyutro inagoma kupatikana. Dereva makini anaisikia dalili hiyo kabla hajatazama chochote, na namheshimu kama ninavyomheshimu fundi wa Arusha.

Wanaodhani haya ni mambo ya kubahatisha wakumbuke kwamba maabara ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1946 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande nchini Marekani ilianza kupima metali ndani ya oili iliyotumika ya injini zake za dizeli ili kujua hitilafu kabla injini haijafa. Chuma kinaelekeza kwenye silinda na ringi, shaba kwenye beringi na bushi, silikoni kwenye vumbi. Kile kitambaa cheupe ndani ya bomba kinauliza swali la silikoni kwa njia nyingine.

Macho na mikono vina mpaka, na fundi wa kweli anaujua. Kemikali zinazozima asidi zinakwisha bila kuonekana wala kunuka. Gari lililokaa uani miezi mingi lina oili iliyozeeka na kukusanya unyevu hata kama mita haijasogea. Ndiyo maana havuki ukomo wa kitabu, kilomita wala miezi, hata karatasi ikionyesha doa zuri. Ndani ya ukomo ule, hata hivyo, ana ujasiri wa kusema, "Bado, bosi, rudi baada ya safari nyingine." Neno hilo linamnyima ujira wa siku hiyo. Anayelisema anastahili kuaminiwa siku atakaposema, "Leo, na usisogee nalo."

Siku hiyo ikifika, oili inamwagwa ikiwa ya moto, ili masizi yatoke nayo, na anavaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika huhusishwa na saratani ya ngozi. Inakusanywa kwenye dumu, haiendi mtaroni. Kisha anafanya jambo ambalo gereji nyingi huliruka: anaikata filta kuukuu, anakunjua karatasi yake juani na kuipitia mkunjo kwa mkunjo akitafuta punje zinazometa. Zikiwa chache na laini, gari linapewa kilomita 5,000 kamili. Zikiwa nyingi, au dereva akisema wiki ijayo anapeleka wageni Ndutu wakati wa kiangazi, anaandika 3,500 kwenye stika na kumweleza sababu.